Nilivyomshika mkono baba mkwe akitaka kuzima gari katikati ya reset, asubuhi anayoondoka kwenda Hija

Wakuu, salamu kutoka Pemba, kisiwa cha mvua na vilima.

Ninayoyaandika yamenitokea mimi mwenyewe, si ya kusimuliwa, na mkono uliofanya nitakayoyasema ndio huu nilioshikia simu. Nimebadilisha majina tu, na aina ya gari siitaji, maana huku tunajuana.

Niseme mapema kabisa, mimi ni mwanamke. Wale wa "mwanamke na gari wapi na wapi" karibuni pia, ila someni mpaka chini kabla hamjaanza kuandika.

Mimi na mume wangu tuna kiduka cha spea Chake Chake. Yeye kwa sasa yuko Unguja kikazi, mimi ndiye niliyebaki na duka na watoto. Huku wananiita Mama Sabra.

Dukani nina mashine ya diagnosis. Si zile za magereji makubwa. Ni kidude cha ukubwa wa kitabu, kina kioo na waya unaochomekwa chini ya usukani. Mteja akija taa ya check engine inawaka, nachomeka, nasoma, namwambia tatizo liko kwenye sensa fulani, kile kifaa kinachopima, ananunua spea yake anakwenda kwa fundi.

Kusoma najua.

Ila kuifundisha sensa upya, wenyewe huita reset, yaani ile kazi ya kuiambia kompyuta ya gari "sahau ulichokuwa unakijua, anza kujipima tena", hiyo nilikuwa nimeiona ikifanywa na fundi mmoja, mara moja tu, mimi nimesimama pembeni na kikombe cha chai.

Sasa nije kwa baba mkwe wangu. Nimwite Mzee Faki. Anaishi Pujini, analima, lakini ujana wake wote aliendesha lori la karafuu. Ni mtu wa maneno machache. Tangu niolewe, mazungumzo yangu na yeye yalikuwa shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, chakula tayari. Basi. Si kwamba ananichukia, hapana. Ndivyo alivyo, na mimi nilikuwa namwogopa kwa ile heshima yetu ya huku, ambayo mke wa mtoto hata kucheka kwa sauti mbele ya mkwe anajizuia.

Kisa kimoja tu ndicho alichokuwa akikirudia pale nyumbani. Zamani pedeli ya mafuta ya lori lake iliganda chini kwenye mteremko, lori limejaa wachumaji wa karafuu juu ya magunia. Injini inapanda, yeye mguu ameutoa, injini bado inapanda. Akazima swichi, akaliegemeza lori kwenye ukingo wa udongo. Watu wakaumia umia lakini hakufa mtu. Na kila akimaliza kukisimulia husema, "Mashine ikikukataa, izime. Usibishane nayo."

Mwaka huu Mzee Faki akapata safari ya Hija. Aliingoja tangu mimi sijaolewa.

Mpango ulikuwa hivi. Boti ya asubuhi kutoka Mkoani mpaka Unguja, pale akutane na kikundi chake, na jioni ile ile ndege. Kwa hiyo boti ikimwacha, kikundi kimemwacha, na kikundi kikimwacha hakuna cha kusema atafuata kesho.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumpeleka Mkoani, kwa kigari chetu.

Siku moja kabla nikakipeleka kwa fundi, betri ilikuwa imechoka. Akafunga mpya. Na kwa nia njema kabisa akafungua throttle akaisafisha masizi. Throttle, kwa wasiojua, ni kile kimlango kinachopitisha hewa kwenda kwenye injini. Kina sensa yake inayoiambia kompyuta kimlango kiko wazi kiasi gani.

Nilivyorudi nyumbani jioni niliona sailensi iko juu juu. Sailensi, yaani ule mngurumo wa gari ikiwa imesimama, hujakanyaga mafuta. Nikajiambia ni betri mpya, itatulia yenyewe.

Mafundi mliomo humu najua mmeshaanza kutikisa vichwa. Subirini.

Baada ya sala ya alfajiri nikawa Pujini. Mvua ya masika inanyesha ile ya kutulia, isiyo na haraka. Uwani watu wamejaa. Mzee Faki kavaa kanzu nyeupe na kofia, kakaa kwenye kiti, majirani wanapita mmoja mmoja wanaombana radhi. Nisamehe, nimekusamehe, nami nisamehe. Wengine wanalia. Unajua mtu akienda Hija anajiweka kama asiyerudi.

Mimi sikufika kwake. Nilikuwa napanga vitu kwenye gari, nikasema nitamwomba radhi bandarini, nafasi ipo.

Shemeji yangu Omar, mdogo wake mume wangu, akatangulia na gari lake na mizigo na wazee wengine. Nyuma tukafuata sisi watatu. Mimi kwenye usukani, Mzee Faki pembeni yangu, na mama mkwe wangu, Bi Mize, kiti cha nyuma na tasbihi yake.

Mara ya kwanza gari ilizima barabara kuu, nilipopunguza mwendo kupisha ng'ombe. Nikawasha, ikawaka. Baba mkwe akanitazama.

Mara ya pili ilizima tumeshapita Mtambile, kwenye mteremko wenye kona.

Wakuu, kama hujawahi kuzimikiwa na gari kwenye mteremko, niwaambie inavyokuwa. Nilitoa mguu kwenye mafuta nishuke taratibu. Mngurumo ukakatika. Usukani ukawa mzito kama umefungwa kamba. Nakanyaga breki, breki imekuwa jiwe. Na gari inashuka, tena kimya, mvua tu inasikika kwenye bati.

Chini kwenye kona kulikuwa na watu wanatembea kandokando wamejifunika kanga na mifuko ya nailoni. Wametupa mgongo. Hawatusikii, maana injini haisikiki.

"Kanyaga, mwanangu," baba mkwe akasema. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kanyaga usiachie. Kwa mguu wote."

Nikasimamia breki nusu nimenyanyuka kwenye kiti. Yeye akavuta hendibreki taratibu taratibu, jino kwa jino. Nikaulazimisha usukani kuelekea kushoto. Tairi zikaingia kwenye majani, gari ikasimama pembeni ya mtaro.

Wale watu wakageuka kututazama, kisha wakaendelea na safari yao. Hawakujua chochote.

Nilikaa pale mguu bado uko juu ya breki.

Nikawasha. Gari ikawaka. Lakini ukitoa mguu kwenye mafuta inakufa. Ukiweka mguu, sindano ya kasi ya injini inapanda, inashuka, inapanda, kama mtu anayehema baada ya kukimbia. Nikajaribu kutia gia nimeshika breki, gari ikaruka mbele kama imesukumwa, nikarudisha haraka.

Mnaoijua Mkoani mnajua barabara inavyoteremka kwenda bandarini, na asubuhi ya boti pale chini kunavyokuwa. Wapagazi, mikokoteni, kina mama na vikapu, watoto. Gari inayoruka ukitia gia na kufa ukiachia mafuta, niipeleke pale? Nilijiona kabisa nimeua mtu, na baba mkwe wangu kavaa nguo za safari ya Hija pembeni yangu.

Nikasema, "Baba, gari hii siwezi kuiteremsha Mkoani hivi."

"Hapana," akajibu. "Hutoiteremsha."

Nikampigia Omar. Akasema ameshafika lakini magari yamemziba mbele na nyuma, atatafuta njia ya kutoka. Sauti nyuma yake ya watu na honi. Nikajua huyo hatoki leo.

Kabla hamjaniuliza kwa nini hatukusimamisha gari nyingine: tulisimamisha. Ikapita moja ya abiria, imejaa mpaka watu wananing'inia mlangoni kwenye mvua, haikupunguza hata mwendo. Ikapita lori ya mchanga, ikatupigia honi. Baada ya hapo barabara ikawa kimya.

Mama mkwe akashuka na buibui lake kwenye tope, akaokota mawe akayatia mbele ya tairi. Hakuna aliyemwambia. Kisha akarudi ndani, akashika tasbihi.

Mashine yangu ilikuwemo kwenye gari, kwa sababu nikitoka Mkoani nilitaka kupitia kwa mteja. Nikaitoa. Baba mkwe akanitazama kama anavyotazamwa mtu anayetoa mchezo wa watoto msibani.

Nikachomeka, nikasoma. Ikaniambia nilichokuwa nimeshaanza kukiogopa. Vipimo vya sensa ya throttle havijafundishwa. Yaani baada ya betri kutolewa, kompyuta ilisahau kila kitu. Na baada ya throttle kusafishwa, kile kimlango hakikuwa tena na masizi iliyoyazoea. Gari haijui hewa kiasi gani inatosha kuishi bila mguu wa dereva.

Dawa yake ni kuifundisha upya. Kwenye menyu ipo, nikaiona. Na chini yake maandishi mekundu kwamba ukishaanza usizime swichi, usichomoe waya, usiguse pedeli mpaka imalize. Yule fundi niliyemwona akiifanya alinisimulia kuwa aliwahi kuzimiwa katikati, na gari ile ikagoma kuwaka kabisa, wakaivuta.

Nikasoma yale maandishi mekundu mara ya pili. Nikabonyeza.

Ikakataa. Masharti hayajatimia.

Nikaanza kuangaza macho. Taa za mbele zinawaka. Waipa zinafanya kazi. Feni ya ndani inapuliza. Kumbe vyote vinavyokula umeme havitakiwi. Nikazima kila kitu, nikachomoa hata simu kwenye chaji. Kioo cha mbele kikajaa maji, tukawa kama tumo ndani ya birika.

Nikabonyeza tena.

Ikakataa tena.

Mama mkwe nyuma anasoma kwa sauti ya chini, yaa Latifu, yaa Latifu. Nikawa naipitisha menyu juu chini, nasoma maneno bila kuyaelewa.

Baba mkwe akafungua mlango akatoka kwenye mvua. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale. Akarudi dirishani kwangu.

"Mashine imepoa hii," akasema. "Hicho kidude chako chataka iwe baridi au iwe moto?"

Nikatafuta mahali pa kusoma joto la maji ya injini. Liko chini ya linalotakiwa. Tulikuwa tumekaa na injini iliyozima kwenye mvua, ikapoa, na mimi nilikuwa nimekazana na yale maandishi mekundu tu.

"Yataka moto, Baba."

"Sogea. Mie n'shike mafuta, weye tazama."

Nikahamia kiti cha pembeni, yeye akaingia kwenye usukani na kanzu imeshaanza kulowa mabegani. Akawasha, akashika mafuta. Na lazima niseme, yule mzee alivyoishika injini ile, sindano haikupanda wala haikushuka. Aliishika kama anabeba bakuli la mchuzi. Mimi nimeinama kuelekea magotini kwake, maana waya ni mfupi, kidude mkononi, natazama namba ya joto inapanda pole pole.

Sikuwahi kukaa karibu vile na baba mkwe wangu. Nilisikia harufu ya udi kwenye kanzu yake. Baba mkwe ni maharimu, hawezi kunioa kamwe, hilo najua, msije mkaanza mjadala huo. Ila niliona haya vilevile.

Joto likafika.

Nikasema, "Baba, achia mafuta."

Akaachia. Injini ikaporomoka, gari zima likatetemeka. Ikawa inakufa. Nikabonyeza haraka.

Ikakubali.

Sekunde chache hakukutokea kitu. Injini inatetemeka tu, sauti ya chini kabisa, kama itazima saa yoyote.

Kisha ikaanza kupanda. Yenyewe.

Mguu wa mzee uko sakafuni, pedeli haina mtu, na injini inapanda. Inanguruma. Inazidi. Sindano inaondoka kwenda juu, gari inatikisika kwenye yale mawe, boneti inacheza. Mama mkwe akapiga ukelele, "Ya Allah!"

Nikaona mkono wa baba mkwe unakwenda kwenye swichi.

Sikufikiri. Kama ningefikiri nisingefanya. Nilimkamata kifundo cha mkono kwa mikono yangu miwili, kidude kikaanguka miguuni kwake waya ukiwa bado umechomekwa, nikapiga kelele.

"Usiguse! Baba, usiguse!"

"Yaondoka hii! Niache nizime!"

"Usizime! Toa mkono!"

Nilimwambia baba mkwe wangu toa mkono. Mbele ya mkewe.

Akavuta, nikavuta. Ana nguvu bado, wakuu, mikono ya mtu wa jembe. Vidole vyake vimeshagusa ufunguo. Injini inalia. Nilimtazama usoni, naye akanitazama, na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa mtu yule. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyeko kwenye lori, na watu wako juu ya magunia.

Nikasema, safari hii kwa sauti ndogo, "Baba, inajipima. Inajipima tu. Itashuka."

Sikuwa na hakika. Ninaandika hapa ukweli, sikuwa na hakika hata chembe.

Mkono wake ukabaki kwenye ufunguo. Hakuugeuza. Wangu ukabaki juu ya wake.

Injini ikashika pale juu. Ikakaa. Kisha ikaanza kuteremka, kidogo, ikasita, ikapanda kidogo, ikateremka tena. Kila mara chini zaidi. Mpaka ikatulia.

Ikatulia kabisa. Sailensi laini, ile ya gari mpya, mpaka nikasikia mvua tena.

Nikaokota kidude chini. Kioo kinasema imekamilika.

Nikamwachia mkono. Kifundo chake kilikuwa na alama nyeupe za vidole vyangu.

Baba mkwe akafungua mlango, akatoka, akazunguka kwa mbele, akasimama upande wa mlango wangu akingoja nihame. Nikahama. Mama mkwe akashuka akatoa mawe. Nikatia gia nimeshika breki, gari haikuruka. Nikaachia breki taratibu, ikaondoka kama inavyotakiwa.

Kutoka pale mpaka Mkoani Mzee Faki alitazama kioo cha mbele tu.

Nilijaribu mara moja. "Baba..." Mama mkwe akanigusa bega kwa nyuma. Nikarudisha macho barabarani.

Nilikuwa naendesha huku macho yananiwasha. Mtu kaamka asubuhi, kaombana radhi na kijiji kizima, hata na wale waliogombania mipaka ya shamba. Na njiani mke wa mwanawe anamvamia na kumkemea kama mtoto. Ikiwa ataondoka na kinyongo juu yangu, kitakuwa kinyongo cha mtu aliyekwenda kusimama Arafa. Nitakibeba wapi?

Bandarini boti ilikuwa bado imefunga gatini. Watu wanaingia. Omar akatukimbilia, kaloa, anapunga mkono, "Haraka, haraka, wanataka kufunga!" Upande wa pili wa maji kisiwa cha Makoongwe kilikuwa hakionekani kwa mvua.

Baba mkwe akashuka. Akamuaga mkewe, hayo yao sikuyasikiliza. Mimi nikasimama pembeni ya gari kama mtu aliyeitwa barazani kwa shehe. Akapita mbele yangu hatua mbili tatu, nikajua ndiyo imekwisha.

Akasimama. Akarudi.

"Mama Sabra."

"Labeka, Baba. Niwie radhi, Baba, mimi..."

"Ngoja." Akaninyooshea kiganja. "Nimekasirika. N'kikwambia sikukasirika n'takuwa mwongo, na huku niendako siendi na uwongo. Njia nzima nimekasirika."

Nikainamisha kichwa.

"Nikawa najiuliza nimekasirikia nini. Si mkono." Omar huku anaita. "Niliogopa. Na weye umeniona naogopa. Ndicho nilichokasirikia."

Nikainua macho nikamtazama.

"Nimekusamehe. Nawe nisamehe, nilitaka kuzima bila ya kukuuliza, na kazi ilikuwa yako."

Wakuu, sikuwahi kufikiria katika maisha yangu kwamba siku moja nitamwambia maneno haya baba mkwe. "Nimekusamehe, Baba."

Akaitikia kwa kichwa, akageuka, akaondoka haraka na kanzu yake iliyochafuka tope chini. Omar akamshika mkono akamfikisha langoni, akaingia. Lango likafungwa nyuma yake.

Wakati wa kurudi mama mkwe alikaa kiti cha mbele. Tulikuwa tumeshafika mbali ndipo akasema, "Mie kule nyuma nishapiga shahada ya kufa mara mbili." Tukacheka mpaka nikasimamisha gari.

Sasa hivi ninavyoandika Mzee Faki yuko Makka. Juzi alipiga simu nyumbani Pujini, nami nilikuwepo. Alipomaliza na mkewe akasema anipe mimi simu. Nyuma yake kelele za watu, lugha kila namna.

Nilidhani ataniuliza watoto.

"Hebu nambie," akasema. "Siku ile. Mashine ilipopanda peke yake, ilikuwa yafanya nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia kompyuta ilikuwa haijui kile kimlango kifunguke kiasi gani ili injini iishi bila mguu. Kwa hiyo ilikifungua kidogo, ikaona ndogo, ikakifungua sana, ikaona nyingi, ikarudisha, mpaka ikapata kipimo chake. Kwamba ule ukelele haukuwa wa kukataa, ulikuwa wa kutafuta. Nilizungumza labda muda mrefu kuliko niliowahi kuzungumza naye tangu niolewe.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ungenambia hivi kabla hujabonyeza, mkono wangu ningeuweka mapajani."

Na ni kweli. Nilikuwa na muda wote ule joto linapanda, nimeinama pembeni yake, na sikumwambia neno moja kuhusu kitakachotokea. Kwanza kwa kuona haya. Pili kwa sababu nilikuwa naogopa kidude changu mwenyewe.

Kwa hiyo funzo la gari ni hili. Ukibadilisha betri au ukisafisha throttle kwenye gari hizi za kompyuta, ifundishe sensa upya pale pale gereji, kabla hujabeba mtu. Injini iwe moto, taa na feni na kila kinachokula umeme kizimwe, gia iwe parking, na ikishaanza iache. Sailensi ikiwa juu juu usijidanganye kama mimi kwamba itatulia yenyewe.

Na funzo la watu ni kwamba aliyekaa kwenye usukani lazima ajue kabla kile unachokijua wewe. Hata kama ni mkwe. Hasa akiwa ni mkwe.

Mafundi karibuni mnikosoe kwenye vipimo, sijasomea, nitajifunza. Na nyinyi wengine, hasa akina dada mlioolewa, niambieni bila kunipamba. Mngekuwa nyinyi, mkono wa mkwe uko kwenye ufunguo na injini inalia, mngeushika au mngeuacha?